Kalamu ya Mtoto wa Kinyozi

Ndugu msomaji, pengine nawe u miongoni mwa wale ambao, wakishika gazeti, hutafuta katuni kwanza kabla ya habari kubwa. Usione haya. Lakini je, umepata kufikiri kwamba nyuma ya kicheko kile cha dakika moja yupo mtu aliyeinamia meza kutwa?

Charles Schulz wa Marekani alikuwa mtu wa namna hiyo. Alizaliwa mwaka 1922 mjini Minneapolis, baba yake akiwa kinyozi. Alipokuwa mwanafunzi, michoro yake ilikataliwa kuingizwa katika kitabu cha shule. Mwaka 1943, akiwa ameitwa jeshini, mama yake akafariki kwa saratani. Hata hivyo hakuiweka kalamu chini. Tarehe 2 Oktoba, 1950, katuni yake "Peanuts" ilianza kutoka katika magazeti 7 tu. Humo alimleta Charlie Brown, mtoto ashindwaye kila mchezo wala asiache kucheza.

Mwaka 1968, baada ya Martin Luther King kuuawa, mwalimu mmoja wa Los Angeles, Harriet Glickman, alimwandikia kumsihi aingize mtoto Mweusi katika kundi lile. Schulz alisita, akihofu kwamba Weusi wangeona anawafadhili kwa dharau. Mama yule akawaomba rafiki zake Weusi wamwandikie wenyewe, nao wakaandika. Tarehe 31 Julai mwaka huo akatokea Franklin, ufukweni, akimrudishia Charlie Brown mpira wake. Baadaye mhariri mmoja wa majimbo ya Kusini alilalamika kuwaona watoto hao wameketi darasa moja. Schulz hakumjibu, wala Franklin hakuondolewa darasani.

Kwa muda wa karibu miaka 50 alichora kila kitu kwa mkono wake mwenyewe, katuni 17,897, hata mkono ulipoanza kutetemeka. Alifariki tarehe 12 Februari, 2000. Kesho yake, siku ya Jumapili, katuni yake ya mwisho ikawafikia wasomaji.

Basi ndugu mzazi, mwanao akichora ukutani kwa mkaa, mkanye kwa kuchafua ukuta, kisha mpe karatasi. Na akija na mwenziwe wa rangi nyingine au dini nyingine, wape wote mpira mmoja. Ubaguzi mtoto hazaliwi nao. Hufunzwa na sisi wakubwa.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.