Mlinzi wa Simu Naye Achunguzwe

Matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, wazazi na walimu wengi wa Kasulu na Kibondo huyatafuta kwa simu zao za kiganjani. Matokeo hayo hutolewa bure katika tovuti ya Baraza la Mitihani la Taifa. Lakini mtafutaji aweza kuangukia kwanza kurasa za watu binafsi walioyanakili na kuyazungushia matangazo. Ukurasa wa namna hiyo huiamuru simu iziite seva nyingine zisizohusiana kabisa na mtihani: hii ilete picha ya tangazo, ile iweke kumbukumbu kwamba simu fulani imefika hapo. Miito yote hiyo hula bando la msomaji. Yaani mwalimu wa Kibondo hulipia mwenyewe upelelezi anaofanyiwa.

Dawa ipo, nayo ni programu za kuzuia matangazo na vifuatiliaji. Iliyo nzuri hubeba orodha ya majina ya seva hizo, ikaukataa mwito kabla haujatoka. Kisichopakuliwa hakili bando. Programu inayolificha tangazo lililokwisha kupakuliwa hupumzisha macho tu.

Wengi huchagua kwa kuuliza ni ipi izuiayo matangazo mengi zaidi. Kwa maoni yangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni hili: mlinzi huyu anaona nini, na anaishi kwa fedha za nani? Facebook iliinunua Onavo mwaka 2013, ikawapa watu bure programu ya VPN iliyodaiwa kuwalinda. Kumbe programu hiyo ilikusanya habari za programu nyingine walizotumia watu hao. Iliondolewa katika duka la Apple mwaka 2018, na mwaka 2023 mahakama ya Australia ikazitoza kampuni mbili tanzu faini ya jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo. Kwa hiyo VPN ya bure ya mtu usiyemjua siishauri hata kidogo. Isitoshe, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa za matumizi yao.

Opera Mini yastahili neno la haki. Katika hali yake ya ubanaji mkubwa huokoa bando kweli kweli, jambo lisilo dogo kwa mwanafunzi anayetumia simu ya mzazi wakati wa likizo. Lakini kurasa hupitia kwanza katika seva za Opera ili zibanwe, nazo huziona. Kwa kusoma habari, sawa. Kwa nywila na mambo ya fedha, la.

Njia nyingine, iliyomo katika Android tangu toleo la 9 la mwaka 2018, ni kuielekeza simu kwenye DNS binafsi, yaani daftari la anwani linalokataa kutaja anwani za seva za matangazo. Hii huzilinda programu zote za simu, ila mwenye daftari hujua majina ya tovuti zote uziombazo, ingawa hasomi yaliyomo.

Mimi ningemshauri mwalimu aanze na kivinjari cha Firefox pamoja na kiendelezi cha uBlock Origin. Raymond Hill alikianzisha mwaka 2014. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, naye hapokei hata michango. Linganisha na Adblock Plus, ambayo tangu mwaka 2011 huruhusu matangazo “yanayokubalika”, na makampuni makubwa huilipa kampuni yake kwa ajili hiyo. Kasoro ya uBlock Origin ni kwamba hufanya kazi ndani ya kivinjari tu. Matangazo yaliyomo katika programu nyingine hayagusi.

Wapo watakaosema kuwa magazeti yetu huishi kwa matangazo. Ni kweli, na kiendelezi hicho huweza kuzimwa kwa tovuti moja moja unayotaka kuisaidia.

Walimu wa Fizikia na Kompyuta wasiniamini bure. Wafungue kurasa tano zilezile, kwanza bila kizuizi kisha pamoja nacho, wakisoma kipimo cha data kilichomo katika mipangilio ya simu kabla na baada ya kila zamu. Programu nyingine zizuiwe kutumia data kwa muda huo, na akiba ya kivinjari ifutwe kati ya zamu mbili. La sivyo zamu ya pili itaonekana nafuu kwa sababu isiyo yake.