Bega Lataka Wiki 12, Sheria Yatoa Siku 14



Tumezoea kuzungumza hapa habari za mshahara na nauli. Leo twataka kuzungumza habari za bega, na asiwepo wa kucheka. Mpakiaji wa saruji huko Athi River, fundi wa plasta Kitengela, dada anayeshona nguo katika EPZ, mvunja mawe wa Kajiado, mkata maua wa Isinya, wote hawa riziki yao iko begani.

Maumivu yenyewe twayajua. Huanza usiku, ukilalia upande ule. Halafu kuvaa shati kunakuwa taabu, halafu mkono haupandi kupita usawa wa bega. Wako wasemao ni baridi, wako wasemao mshipa umehama. Waganga wa hospitali watueleza kwamba bega lashikwa na misuli minne, na kano zake zimekizunguka kichwa cha mfupa wa mkono kama kofia. Kano ya juu hupita mahali pembamba, chini ya mfupa wa bega. Mtu anyooshaye mikono juu kutwa nzima, ama abebaye mifuko ya kilo 50 tangu asubuhi, kano ile huchoka, huuma, na kwa wengine huchanika kidogo kidogo.

Basi wengi wetu hufanya nini? Huenda duka la dawa, wakadungwa sindano ya maumivu, wakarudi kupakia siku ile ile. Maumivu yalikuwa mlinzi wa bega, nao wamemlaza usingizi.

Dawa yake kubwa ni mazoezi, ndiyo kazi ya fiziotherapia. Wala si mambo ya mashine za bei kubwa. Mwaka 2021 yalitangazwa majaribio ya Uingereza yaliyofanywa juu ya wagonjwa 708 wa kano za bega. Nusu yao walionwa na mtaalamu mara kadhaa, hata mara sita. Nusu nyingine walionwa mara moja tu, wakafundishwa vizuri, wakapewa kijitabu, wakaenda kufanya mazoezi nyumbani. Baada ya mwaka mmoja hali zao zilikuwa karibu sawa. Tena mwaka 2018 ilionekana kwamba ule upasuaji wa kukwangua mfupa kwa maumivu ya namna hii haukushinda kwa maana yoyote upasuaji wa kuigiza tu. Kwa mtu wa kipato chetu hizi ni habari njema.

Mazoezi yenyewe ni ya nyumbani. Inama, acha mkono uning'inie, uubembeze polepole. Simama mbele ya ukuta, vidole vipande kama buibui. Funga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye komeo la mlango, kiwiko kikae ubavuni, uvute kwenda nje. Anza kidogo, ongeza wiki hata wiki. Kuuma kidogo si neno, lakini maumivu yakilala mpaka kesho, punguza. Ila kwanza uonwe walau mara moja na mtaalamu mwenye leseni ya Baraza la Fiziotherapia, lililowekwa kwa sheria ya 2014. Na aliyeanguka ghafula, mkono ukakataa kabisa kuinuka, asingoje mazoezi. Aende hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda kano imekatika, na kuchelewa ni hasara.

Sasa tufike penye ugomvi. Mazoezi haya yataka kama wiki 12, na kwa muda huo bega lisirudishwe chini ya mzigo ule ule. Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, kwa mwaka. Waajiri wengi hushika kiasi hicho hicho wala hawaongezi. Siku ya 15 mtu achague: apakie na kano mbovu, ama akae bila ugali. Kibarua wa kutwa hana hata hizo siku 7. Yeye huficha maumivu, kwa kuwa pale getini kesho yake kuna vijana hamsini wenye mabega mazima.

Twajua iko Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini, nayo ni ya 2007. Yamlazimu mwajiri kulipa gharama za matibabu zinazostahili, na madai yafikishwe kabla ya miezi 12. Lakini bega halitoki damu. Halina saa wala siku iliyoandikwa, na lisiloandikwa katika daftari la ajali ni vigumu kulidai. Andikisheni, jamani, hata kama karani ananuna.

Hatuombi watu wakae nyumbani miezi mitatu. Twataka iandikwe katika mapatano kwamba mwenye karatasi ya mtaalamu apewe kazi nyepesi wiki 12 kwa mshahara ule ule. Mabwana watasema kazi nyepesi hakuna. Je, mifuko haihesabiwi? Nguo hazikaguliwi mezani? Hati za malori hujiandika zenyewe? Watasema pia watu watadanganya. Ndiyo sababu tumetaja karatasi ya mtaalamu. Na huo mfuko wa kilo 50, huko Uingereza saruji huuzwa katika mifuko ya kilo 25, na nyumba zao zasimama.

Kabla ya mazungumzo yajayo na waajiri, kila mwakilishi wa idara atuletee hesabu ya watu wake wasioweza kuinua mkono kuvaa shati, vibarua wakiwemo. Majina hatuyataki kwa sasa, ili mtu asije akaonwa getini. Twataka hesabu tu.