Macho mekundu ya bibi yanahitaji kliniki, si mpiga ramli

Msomaji wangu, kama una mama au bibi anayeishi kijijini, safari ijayo utakapokwenda kumsalimia usiishie kwenye shikamoo na sukari uliyombebea. Kaa naye nje penye mwanga, umtazame macho vizuri na umuulize anaona nini mbele yake. Kisha ingia jikoni kwake moto ukiwa unawaka, ukae dakika kumi tu. Ukitoka unafuta machozi, utakuwa umeielewa nusu ya makala hii.

Nasema hivi kwa sababu huku kwetu magharibi, Tabora, Shinyanga, Geita na mikoa jirani, macho mekundu ya mwanamke mzee yamegeuzwa kuwa hukumu. Kwa miaka mingi tumezika bibi zetu waliokatwa mapanga wakidaiwa kuwa wachawi, na "ushahidi" unaotajwa mara nyingi ni macho hayo. Mtoto amekufa kwa malaria, ng'ombe wamekufa, biashara imekwama: anatafutwa wa kubebeshwa lawama. Mpiga ramli anasema adui ni mwanamke mzee wa upande fulani. Yaliyobaki tunayasikia redioni.

Kosa ni la anayeua na anayemtuma, wala si la mwenye macho. Lakini sisi watoto na wajukuu nasi tuna deni. Kila tunaposema "ni uzee tu" na kumwacha mama bila matibabu, tunamwacha gizani, tena tunamwacha peke yake na alama ambayo watu wabaya wanaisoma wanavyotaka. Kumlinda mzee kunaanzia jikoni kwake na kwenye kliniki ya macho, kabla mambo hayajafika polisi.

Wekundu unatoka wapi

Chanzo cha kwanza ni moshi. Mwanamke aliyeanza kupuliza kuni akiwa na miaka 8, akifika 70 amekaa na moshi kwa zaidi ya miaka 60. Usukumani, kwenye miti haba, hupikia pia kinyesi kikavu cha ng'ombe, na moshi wake unawasha kweli kweli. Urambo, Kaliua na Sikonge kuna tumbaku. Msimu wa kukausha, moto wa bani huchochewa usiku na mchana, na si ajabu kumkuta mzee ndiye anayeulinda.

Moshi huo hauishii machoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupikia kuni, mkaa na nishati kama hizo, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Kikohozi cha bibi kisichoisha na nimonia ya mjukuu anayebebwa mgongoni jikoni vinaweza kuwa na chanzo kimoja.

Kuna pia vikope, yaani trakoma, ambao ni ugonjwa wa kuambukiza. Ukijirudia miaka mingi, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Kuna ukavu wa macho unaokuja na umri, na kinyama kinachoota juu ya jicho kwa jua, upepo na vumbi. Mtoto wa jicho yeye haleti wekundu wala maumivu, bali huweka ukungu kwenye mboni, na kwa mtu asiyejua ukungu huo nao unatisha. Yote haya yana majina hospitalini, na mengi yana tiba.

Historia ya njia yetu ya misafara inatufundisha jambo. Mwaka 1857 wapelelezi wawili Waingereza, Richard Burton na John Hanning Speke, walipita Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, wakaelekea Ujiji. Walipofika Ziwa Tanganyika, Speke alikuwa na uvimbe mkali wa macho, karibu haoni, na ziwa walilolisafiria miezi mingi hakuweza kulitazama sawasawa. Vitabu vinamtaja kuwa mgonjwa. Kwa nini bibi yetu, kwenye njia ile ile, akiwa na macho mabovu aitwe jina jingine?

Ufanye nini nyumbani

Anza na jiko. Kama huwezi kununua gesi, litoe jiko kwenye nyumba ya kulala, ongeza dirisha au tundu la kutolea moshi, tumia kuni zilizokauka, na mzee asiwe ndiye mpuliza moto wa kila siku. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania. Ushauri wangu: mtungi wa kwanza kijijini uende kwa bibi anayeishi peke yake.

Mzee anawe uso kwa maji safi kila siku, na kitambaa chake asichangie na mtu. Usimwekee machoni maji ya majani, maziwa wala dawa uliyoelekezwa na jirani. Matone ya dukani nayo yana hatari: mengine yana dawa aina ya steroidi, ambayo ikitumiwa bila kipimo inaweza kupandisha presha ya macho na kumpofusha.

Mpeleke zahanati au kituo cha afya, na uombe rufaa ya macho hospitali ya wilaya au ya mkoa, ambayo kwa Tabora ni Kitete. Upasuaji wa mtoto wa jicho kwa kawaida ni mfupi na hufanywa kwa ganzi. Jicho likiwa jekundu ghafla, likiuma sana pamoja na kichwa, kutapika au kuona duara za rangi kwenye taa, nenda siku hiyo hiyo. Hiyo inaweza kuwa presha ya macho, na uoni ukipotea kwa ugonjwa huo haurudi.

Angalia na akili yake. Mzee anayesahau, anayeongea peke yake au kutoka nje usiku anaweza kuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na tabia hizo nazo huitwa uchawi. Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku chache, fikiria malaria, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka au kukosa maji. Hayo hutibika haraka akiwahishwa.

Haki na wajibu

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo katika vituo vya umma. Lakini mzee asiyeona hawezi kupanda basi peke yake, na dirisha la wazee lenye huduma ya kumwona daktari tu, bila dawa, halijamsaidia. Halmashauri zitenge siku ambazo wataalamu wa macho watazifuata kata za mbali. Nasi tupange zamu za kumsindikiza, tusimwachie dada mmoja aliyebaki nyumbani.

Ukisikia mama yako ananyooshewa kidole, usisubiri. Toa taarifa polisi, kwa mtendaji wa kijiji na kwa afisa ustawi wa jamii, na asilale peke yake. Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu 1928, inamhesabia kosa anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi. Chunguza pia ndani ya ukoo. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba, na anayelitaka ni ndugu.

Ndugu msomaji, mjukuu anayemshika bibi mkono mpaka chumba cha macho anarudi kijijini na maelezo ya daktari. Ayaseme kwa sauti kisimani, kilabuni, msikitini na kanisani: bibi ana ugonjwa wa macho, umetokana na moshi, anatumia dawa. Majirani wakilijua hilo, mpiga ramli atakosa cha kuwauzia.