Mafungu 480



Tuseme mtu amefariki, akaacha shamba karibu na Nakuru. Warithi ni mke, wana watatu wa kiume na binti mmoja. Baada ya madeni na wasia, hesabu husimama juu ya 8: mke ana thumuni, yaani fungu 1; kila mwana 2; binti 1.

Mirathi ikacheleweshwa. Mwana mmoja naye akafariki, akaacha mama yake, mke, wana wawili na binti. Hesabu yake ni 24: mama sudusi, 4; mjane thumuni, 3; zilizobaki 17 hazigawanyiki kwa mafungu 5 ya watoto, basi 24 huzidishwa kwa 5, zikawa 120. Kuunganisha hesabu mbili wanavyuoni hukuita munasakha, na namba ndogo kabisa inayowatosha wote bila kuvunja fungu ni 480.

Mama apata 80, wana wawili walio hai, 120 kila mmoja, binti 60, mjane wa pili 15, wajukuu wa kiume, 34 kila mmoja, mjukuu wa kike 17. Jumlisheni, zatimia.

Shamba likiuzwa shilingi 4,800,000, yule mjukuu ana 170,000. Haki yake ndiyo hupotea kwanza wakubwa wasemapo "tungoje kidogo". Sura An-Nisaa, aya ya 7, yampa mwanamke sehemu yake, mali iwe chache au nyingi.

Mahakama ya Kadhi ipo Nakuru pia. Dada zangu, msione haya kuuliza hesabu. Gawanyeni 8 kabla hazijawa 480.

Wabillahi tawfiq.