Kisanduku cha Dadu si Uhuni

Nasema mapema, ili anayetaka kukasirika aanze mapema: kijana anayekaa chini ya mwembe kule Tindiga akitengeneza kisanduku cha dadu si mhuni. Hapotezi muda wake, wala hafundishi watoto kamari. Ukiwataka wahuni, ndugu msomaji, wapo, na nitakuonyesha walipo. Ila hutawakuta na randa mkononi.

Kwetu ni Tindiga, wilaya ya Kilosa. Nimekulia huko kabla ya kuja kubanana nanyi mjini. Juzi nilipowaambia wenzangu wa kikundi cha waandishi kwamba naandika juu ya kisanduku cha dadu, jamaa wakaguna. Mmoja akasema mada nyepesi. Wa pili, mpenda mahubiri, akasema namsifia shetani. Wa tatu akadai si utamaduni wetu, eti niandike juu ya bao. Kijana aandike mambo mazito, wakasema: ufisadi, ajira, ukombozi. Sawa. Lakini uzito wa kitu utaujuaje kabla hujakishika?

Basi tukishike.

Unaanza na masalia ya mninga kutoka karakana ya seremala, vile vipande ambavyo vingeishia jikoni. Mninga ni mti mwema: unakubali randa, na ukishakauka vizuri haupindipindi. Kuta nne za kisanduku unazichonga meno kwa msumeno mdogo na patasi, jino la huku liingie katika pengo la kule. Pembe ikikubali, msumari hauna kazi. Unafunga kifuniko kwa bawaba mbili, na ndani yake unachora uwanja wa ludo kwa rangi nne. Chini unatandika kitambaa kizito ili dadu isirukeruke. Halafu kete 16, nne kwa kila mchezaji.

Hayo yote ni rahisi. Kazi iko kwenye dadu.

Dadu ni mchemraba, na mchemraba haupendi uongo. Upande mmoja ukizidi mwenzake hata kwa unene wa ukucha, dadu itakuwa na mapendeleo. Namba zake nazo zina utaratibu: pande zinazotazamana lazima zijumlishwe saba. Moja hutazamana na sita, mbili na tano, tatu na nne. Tena kuna mtego ambao fundi mvivu hauoni. Upande wa sita unatobolewa vishimo sita, upande wa moja kishimo kimoja. Maana yake upande wa sita umepoteza mbao nyingi zaidi, umekuwa mwepesi. Ndiyo maana dadu za kasino kubwa hujazwa vishimo vyake kwa rangi yenye uzito uleule wa kile kilichotolewa. Sisi hatuna rangi hiyo. Tunatumia unga wa mbao ileile uliochanganywa na gundi, kisha msasa.

Ukimaliza, hujamaliza. Unairusha mara 600 na kuandika kila namba. Dadu ya haki itakupa kila namba karibu mara 100. Ikija 93 au 108, hiyo ni bahati tu, usihangaike. Ikija 150, washikaji, hiyo si dadu, ni mwizi. Itupe motoni uanze upya.

Sasa niambie, wewe uliyesema mada nyepesi: ni wangapi kati yetu wanaoirusha hadithi yao mara 600 kabla ya kuipeleka kwa mhariri?

Na yule wa utamaduni nimjibu kidogo. Bao nalipenda. Lakini neno lenyewe dadu tumelipata kwa Wareno, kama tulivyopata karata. Ludo ilipewa hati Uingereza, nayo ni mtoto wa pachisi ya Wahindi, wanaorusha kauri. Kila mmoja amekopa kwa jirani. Mchezo unakuwa wako siku unapoutengeneza kwa mikono yako na kuujua ndani na nje.

Ndani na nje: hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Pita leo mtaa wowote, na hata vijijini. Utaliona dubwi, ile mashine ya taa inayomeza sarafu za mia mbili. Ukitoka hapo utamkuta kijana anasikitika mkeka wake umechanika. Zamani mkeka tulikuwa tunaukalia. Siku hizi ndio unatukalia sisi. Biashara hiyo ina leseni. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inairuhusu, na inamkataza aliye chini ya miaka 18. Marufuku hiyo waulizeni watoto wa darasa la sita wanaochungulia kwenye vibanda.

Tufanye hesabu. Watu wanne wakikaa kwenye kisanduku changu, kila mmoja na shilingi 1,000, usiku ukiisha kuna shilingi 4,000 palepale. Zimehama mifuko tu, na aliyeshinda atanunua kahawa. Sasa tuseme mashine imepangwa irudishe shilingi 90 katika kila 100. Weka 1,000, kisha kile inachorudisha kiweke tena, mara kumi. Kwa wastani utabaki na kama 350. Nyingine zimekwenda wapi? Hazipo mtaani. Zimepanda gari zimeondoka. Na hiyo 90 nimeibuni mimi, kwa sababu mchezaji wa kibandani haambiwi namba ya kweli. Dadu yangu unaweza kuipasua kwa patasi ukaona moyo wake. Dubwi ukiligusa kwa bisibisi utalala ndani.

Huo ndio uhuni ninaousema: mchezo ambao mchezaji haruhusiwi kujua umetengenezwaje. Ndiyo, dadu pia inaweza kuliwa pesa, na karata tatu za stendi ni wizi mtupu. Simtetei mtu anayechezea ada ya mtoto. Lakini yule mzee anayewanyang'anya vijana dadu kijiweni, akaita kikao na kutoa mawaidha, mbona anapita mbele ya banda la dubwi bila kugeuza shingo? Pengine chumba kapangisha yeye.

Nanyi waandishi wenzangu, mnaitikia. Mmepokea mahubiri yakiwa tayari yamepikwa, mkayatia vina, mkayaita mambo mazito. Kijana mwenye dadu ni mbaya, kijana mwenye jembe ni mwema, mwisho wa hadithi. Hakuna aliyemwuliza mwenye dadu kaichonga kwa mti gani. Tukiendelea hivi tutakuwa kama dubwi wenyewe: msomaji anatumbukiza hela, taa zinawaka, ndani hakuna anayejua kuna nini.

Mimi nitaendelea na mninga wangu. Anayetaka kunibishia aje na dadu yake. Tutairusha mara 600, na tutahesabu pamoja.