Ufadhili utazame uhitaji na utumishi

Kila vyuo vinapofunguliwa, stendi ya Msamvu hujaa vijana wenye mabegi na magodoro yaliyofungwa kamba, wakielekea SUA, Mzumbe na vyuo vingine vya Morogoro. Wapo wenzao waliofaulu ambao hawakupanda basi kwa kukosa ada.

Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, huangalia uyatima, ulemavu na kaya zinazosaidiwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Ufadhili wa masomo wa Samia, tangu 2022/2023, huwabeba waliong'ara katika sayansi kidato cha sita. Tunaipongeza mipango yote miwili. Lakini kijana maskini wa alama za kawaida, anayewafundisha watoto wa mtaani kwake kusoma au anayepanda miti kwenye miteremko ya milima ya Uluguru, nani anamwona?

Tunaiomba Manispaa ya Morogoro, vyuo na wafanyabiashara wetu waanzishe mfuko unaopima uhitaji pamoja na utumishi. Wazo hili si geni: Azimio la Musoma la 1974 lilimtaka mwombaji wa chuo kikuu afanye kazi kwanza na apate mapendekezo ya kazini na ya chama tawala.

Hapo kwenye mapendekezo ndipo pa kuchunga. Barua ya mtendaji wa mtaa isitoshe; walimu na majirani waulizwe. Na binti anayeshuka milimani alfajiri na mzigo wa ndizi ili wadogo zake wale, asiambiwe hajajitolea. Kazi hiyo ihesabiwe, tena kwa alama za juu.