Chekechea bila uwanja si chekechea

WAKO wazazi wengi, Voi na kwingineko Taita Taveta, wanaopima ubora wa shule ya chekechea kwa daftari. Mtoto akirudi nyumbani na kurasa zilizojaa herufi, mwalimu husifiwa. Akirudi na vumbi magotini, mwalimu hulaumiwa kwamba anakula karo ya bure.

Kipimo hicho kina kasoro. Mkono hauwezi kuimudu kalamu kabla bega, kiwiko na vidole havijapata nguvu, na nguvu hiyo hutokana na kutambaa, kupanda, kubeba na kurusha. Mtoto anayebembea au kuruka kamba huufunza ubongo kupatanisha habari za sikio la ndani, macho na misuli ili mwili usiyumbe. Anayecheza mdako huzoeza jicho na mkono kwenda pamoja. Hayo ndiyo matayarisho ya kuandika.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne autumie mwili wake kwa dakika zisizopungua 180 kila siku, 60 kati ya hizo zikiwa za kukimbia na kuruka hasa. Lilionya pia dhidi ya kumketisha kwa muda mrefu. Je, ni chekechea ngapi zetu zinazotimiza hata nusu ya hayo?

Hatusemi kwamba wazazi wana hofu za bure. Zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii imo katika mbuga za Tsavo, na ndovu hapigi hodi. Mjini Voi, malori ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi hayamngoji mtoto avuke. Hata hivyo, dawa ya hatari hiyo si kumfungia mtoto ndani. Dawa ni ua madhubuti.

Katiba ya 2010 iliikabidhi serikali ya kaunti elimu ya chekechea. Twaitaka basi ihesabu ua na uwanja kuwa sehemu ya shule, sawa na paa na ubao, kuanzia Kasigau hadi Taveta. Ua una gharama, lakini ndani yake hapahitajiki makuu: kamba, mchanga, magurudumu makuukuu na mti wa kupanda vyatosha.

Nao wazazi wakiona vumbi magotini, na wajue mtoto alikuwa darasani.